Tuongee kidogo: Uliza mara ya tatu



Tangu turudi kutoka likizo kubwa, hatupiti sokoni bila kuulizwa: "Walimu, ni kweli mliingia chini ya bahari?" Wengine wanacheka, wengine wanatuambia tumetupa feza majini. Leo tunajibu wote pamoja. Tuna jambo moja la kuwaambia, na mwenzetu ambaye linamhusu ametupa ruhusa, ila tusitaje jina lake.

Tulikuwa wanne: walimu wawili wa masomo ya msingi, muuguzi mmoja, na mwenzetu mmoja anayeuza vitenge. Miaka mitatu tulifanya likelemba. Kila mwezi kila mmoja alitoa dola 15, na mlio walimu mnajua mushahara wetu ulivyo. Mmoja alikaanga mandazi asubuhi kabla ya kwenda kalasi, mwingine alifundisha watoto wa jirani jioni. Hatukuchota feza ile kwa arusi wala kwa kilio. Tulisema: hii ni ya kwetu sisi.

Kwa nini kuzamia? Kwa sababu tumezaliwa Bukavu, mbele ya ziwa Kivu, na katika sisi wanne hapakuwa hata mmoja aliyeweza kutia uso majini. Tulipokuwa wadogo, mama zetu walitupigia kelele: "Usisogee ziwani!" Walikuwa na sababu, kila mtaa wa kando ya ziwa unajua mtoto aliyeenda kuoga asirudi. Leo tunawapigia watoto wetu kelele ile ile, na tunapanda boti ya Goma au ya Idjwi tukishika rozari kwa nguvu kuliko ubao. Mwenzetu wa vitenge, aliyezoea kwenda Dar es Salaam kununua mali Kariakoo, ndiye aliyesema siku moja: "Kule Unguja watu wanafundishwa kupumua chini ya maji. Tuende tuue woga huu."

Tulivuka Ruzizi asubuhi, tukafika Kigali jioni, tukapanda bus ya Dar es Salaam. Ni safari ya zaidi ya siku nzima, kupitia mpaka wa Rusumo, Singida, Dodoma na Morogoro. Njiani mwenzetu wa vitenge alitapika mara mbili. Alikataa chai, alikataa samaki. Tulimuuliza: "Dada, uko muzima?" Akajibu: "Niko muzima, ni bus tu." Tukaitika: ndiyo, ni bus. Hatukujiuliza namna gani mwanamke ambaye amepita njia ile mara nyingi bila shida leo bus inamshinda. Kumbukeni neno hilo, tutalirudia.

Kutoka Dar tulivuka bahari kwa boti ya mwendo wa kasi, muda wa saa mbili hivi, kisha tukapanda daladala hadi kijiji cha Matemwe, kaskazini-mashariki mwa kisiwa cha Unguja. Mbele ya Matemwe kuna kisiwa kidogo kinaitwa Mnemba. Wageni wa kawaida hawashuki juu yake, lakini miamba ya matumbawe inayokizunguka ni hifadhi ya bahari, na watu wa dunia nzima wanakuja kuzamia hapo. Maji yakitoka asubuhi, bahari inarudi mbali sana, na wamama wa kijiji wanaingia na magunia kuvuna mwani. Tulipowaona wameinama, vitambaa kichwani, tulisema: hawa ni wenzetu kabisa, mashamba yao tu ndiyo yako majini.

Mwalimu wetu wa kuzamia alikuwa kijana wa hapo hapo. Kiswahili chake kilitutia aibu kwa uzuri wake, na chetu kilimchekesha kila tuliposema "mayi". Lakini alikuwa mwalimu kweli. Kule ISP tulifundishwa kuanza na kinachojulikana ndipo kwenda kwa kisichojulikana. Naye alifanya hivyo. Kwanza alitueleza vyombo: mtungi wa hewa mgongoni, kipumulio cha kuuma mdomoni, miwani kubwa inayofunika macho na pua, mapezi ya mpira miguuni, na mkanda wenye vipande vya risasi ili mtu azame. Alituambia kwamba chombo hiki cha kupumulia kilitengenezwa Ufaransa mwaka 1943 na Jacques Cousteau na Émile Gagnan, na kwamba mtungi una hewa ya kawaida tu, hii hii tunayovuta hapa.

Kisha akatupa sheria ya kwanza: usizuie pumzi kamwe. Alieleza kwa baluni ya sikukuu. Ukishuka nayo mita 10 baharini, maji yanaibana hadi inakuwa nusu. Ukiijaza hewa huko chini na kupanda nayo, juu inakuwa mara mbili, inapasuka. Mapafu ndiyo baluni. Anayepumua bila kukatiza yuko salama. Anayefunga pumzi kwa woga na kukimbilia juu anajiumiza. Sheria ya pili: panda polepole, si zaidi ya mita 9 kwa dakika, na ukifika mita 5 simama dakika tatu. Chini ya maji hewa nyingi huingia katika damu. Ukipanda mbio, damu inatoa mapovu kama chupa ya fanta iliyotikiswa na kufunguliwa.

Sheria ya tatu: hakuna anayezamia peke yake. Watu wanaenda wawili wawili, na kila mmoja ni mlinzi wa mwenzake. Kabla ya kuingia, unakagua mtungi wake, mikanda yake, hewa yake. Chini, kwa kuwa mdomo umeshughulika, mnaongea kwa mikono. Kidole gumba na cha shahada vikikutana kama duara: niko vizuri. Kidole gumba juu hakisemi "vizuri" kama kwetu, kinasema "tupande". Na kiganja kikitikiswa huku na huku, kama mashua inayoyumba: kuna shida. Ukiuliza kwa duara, mwenzako ni lazima ajibu. Asipojibu, unauliza tena. Asipojibu tena, mnapanda wote.

Baada ya hapo alileta karatasi ya maswali ya afya. Iliandikwa Kiingereza, hivyo alitusomea moja moja kwa Kiswahili. Moyo? Pumu? Masikio? Mafua? Kisha akauliza, macho chini kwa heshima: "Kuna mja mzito kati yenu?" Mwenzetu wa vitenge akaruka: "Mwalimu, utuangalie vizuri, wote hapa ni wazito!" Tulicheka hadi machozi. Kijana naye alicheka. Na swali likapita juu ya kicheko, likaenda zake. Tulitia sahihi wote wanne.

Siku ya kwanza tulifundishiwa karibu na pwani, mahali ambapo maji yanafika kifuani. Tulipiga magoti juu ya mchanga, vichwa chini ya maji, tukapumua. Wamama, hatuwezi kuwaeleza pumzi ile ya kwanza. Akili inapiga kelele kwamba utakufa, na kifua kinajaa hewa. Mmoja wetu alilia ndani ya miwani.

Mwenzetu wa vitenge alikuwa amepangwa pamoja na mmoja wa walimu. Mwalimu huyu alimfanyia duara: uko vizuri? Akajibu kwa duara. Baada ya kitambo akauliza tena. Akajibu kwa duara, lakini macho yake yalitazama kando. Sisi walimu tunajua macho hayo. Ni ya mtoto anayesema ameelewa ili usimwite ubaoni. Akauliza mara ya tatu. Hapo mkono wa mwenzetu ulishuka, kiganja kikafunguka, kikaanza kuyumba huku na huku. Kisha akagusa tumbo lake.

Wakasimama. Akatoa kipumulio mdomoni, na kabla ya mtu kumuuliza akasema: "Nina mimba. Miezi miwili."

Maji yalikuwa kifuani tu, na kijana alimtuliza kwamba kupiga magoti pale si sawa na kushuka chini ya bahari. Lakini alimvua mtungi pale pale, bila hasira. Muuguzi wetu alieleza jioni ile ile. Mapovu madogo yakiingia katika damu ya mama, mapafu ya mama huyachuja. Mtoto tumboni bado hapumui kwa mapafu yake, kwa hiyo hana chujio hilo. Ndiyo sababu waganga wanashauri mwenye mimba asizamie kabisa, hata kidogo. Kesho yake tungeshuka mita kadhaa pale Mnemba. Tungeshuka naye.

Usiku tulikaa barazani. Tulimuuliza kwa nini alinyamaza. Alisema mambo matatu. Kwanza, mwaka uliopita mimba ilitoka, na watu walikuwa wamekwisha jua. Kila aliyekutana naye alimuuliza "mtoto yuko wapi?" hadi akatamani kuhama mtaa. Safari hii aliapa kutomwambia mtu kabla ya mwezi wa nne. Hata bwana yake alimwomba anyamaze. Pili, feza. Miaka mitatu ya kutoa, afike baharini aambiwe akae pwani? Tatu, na hili ndilo lililotuuma: "Mliniuliza kama niko muzima, nikajua mnataka niseme ndiyo."

Tulinyamaza. Alisema kweli. Muuguzi alikiri kwamba alishuku tangu Singida, akaona si vizuri kuingilia. Sisi walimu tulihesabu siku za likizo zilizobaki. Tulimuuliza kama watu wanavyosalimiana: jibu linajulikana kabla ya swali.

Kesho yake boti ilitupeleka Mnemba, wote wanne. Sisi watatu tulishuka na mwalimu wetu. Kwa wanaoanza, mwisho ni mita 12. Sisi hatukufika hapo. Tuliona kwamba matumbawe si mawe: ni wanyama wadogo wanaoishi pamoja kwa maelfu, na mkono mmoja wa mtu ukiwagusa unaweza kuwaua. Samaki wa manjano walipita kwa makundi kama watoto wakitoka masomo. Kasa mmoja alitupita bila haraka, kama mama mzee anayejua njia. Tulipotazama juu, tulimwona mwenzetu. Alikuwa juu ya maji, amevaa jilé ya kuelea, miwani machoni na mrija mdomoni, akitutazama. Mfanyakazi wa boti alikuwa karibu naye. Tulimfanyia duara. Naye kutoka juu akafanya duara, na safari hii tulimwamini.

Baada ya kuzamia tulipumzika siku nzima kabla ya kuanza safari ya kurudi. Waliozamia wanakatazwa kupanda ndege kwa saa 18 angalau, wala kukimbilia milimani si vizuri, na sisi tunakaa juu.

Wamama, hatuandiki haya ili mkanunue tikiti za Unguja. Hapa kwetu, katika vyama vyetu, tumeketi pamoja kila juma, tumevaa kitenge kimoja, tunasalimiana "uko muzima?" na kujibu "niko muzima". Mmoja anaficha mimba, mwingine deni, mwingine alama za kupigwa chini ya kitambaa. Hatukosi upendo. Tunauliza mara moja tu, kisha tunaendelea na mchango.

Hatusemi kila siri itangazwe. Mwenzetu alikuwa na haki ya kunyamaza mbele ya mtaa. Lakini mtu mmoja alipaswa kujua, mmoja tu, aliyepangwa naye. Ndiyo maana kikundi chetu sasa tumejipanga wawili wawili. Mwenye mimba changa anamwambia mlinzi wake, na mlinzi anafunga mdomo. Lakini anamsindikiza kwenye CPN kabla miezi mitatu haijatimia, asingoje tumbo lionekane. Na kwenye boti la Goma, mlinzi anadai jilé mbili, si moja.

Mwenzetu ametimiza mwezi wa saba. Anaenda CPN na yule mwalimu aliyemuuliza mara ya tatu. Alipotupa ruhusa ya kuandika, alisema tu: "Waambie mzaha wangu ulikuwa mzuri." Ulikuwa mzuri, dada. Tutaucheka vizuri zaidi siku ya kumpokea mtoto.

Kwa mazungumzo ya kikundi juma hili:

1. Katika kikundi chenu, nani anajua hali yako ya kweli leo? Na wewe unajua ya nani?
2. Ni alama gani kwa mwenzako uliziona, ukasema "ni bus tu"?
3. Tunaweza kutunza siri ya mwenzetu namna gani bila kumwacha peke yake?

Tutaonana juma lijalo. Mbaki salama.