Boxer Iliyovaa Misuli: Vijana wa Buzuruga Wanapendeza au Wanajimaliza?

Wadau wa Jiji la Miamba, hii ya leo ni ya mtaani kabisa.

Miezi michache nyuma, ukishuka Buzuruga jioni, pale daladala za Igoma zinapogombania abiria na wauza mahindi ya kuchoma, ungeisikia kabla hujaiona. Inanguruma kama lori la mchanga linalopanda mlima. Ikitokea tu, watu wanatoa simu. Tangi limevimba, rangi nyeusi isiyong'aa. Tairi la nyuma pana utadhani limetoka kwenye gari. Madigadi imekatwa, siti imebaki kipande, taa ya mbele mwanga wa bluu. Ukisogea karibu ndo unashtuka: khaa, kumbe ni Boxer!

Mwenye nayo ni dogo mmoja wa kijiweni, jina kapuni. Umri wake miaka 22, mpole, hana matusi. Na pikipiki haikuwa yake. Ilikuwa ya mkataba: kila siku anapeleka hesabu kwa bosi, na siku zikitimia kadi inakuwa jina lake. Alikuwa amebakiza miezi miwili tu.

Chanzo cha yote kinajulikana. Kuna staa mmoja wa muziki, naye jina kapuni, alitupia klipu akiwa juu ya pikipiki kubwa, ile ya kuinama kifua mbele, tairi la nyuma limenona. Wiki ile ile vijiwe vya Buzuruga, Nyakato mpaka Mabatini vilichafuka. Kila mtu anataka "ya misuli". Mafundi wa kuchomelea wakapata ulaji.

Swali la leo ni dogo tu. Hivi misuli ya pikipiki iko wapi hasa? Kwenye sura au kwenye mashine?

Wazo lenyewe lilianzia kwenye magari. Mwaka 1964 kule Marekani, Pontiac walichukua injini kubwa wakaiweka kwenye gari la saizi ya kawaida, wakaiita GTO. Watu wakachanganyikiwa. Gari la kwendea sokoni, lakini ukikanyaga linakurudisha nyuma kwenye siti. Baadaye pikipiki zikafuata njia hiyo hiyo. Mwaka 1985 Yamaha wakaleta VMAX: injini ya silinda nne zilizopangwa kwa umbo la V, cc 1198, na toleo la Marekani lilitoa nguvu za farasi 145. Kwa wakati ule ilikuwa balaa. Mwaka 2004 Waingereza wa Triumph wakaja na Rocket III ya cc 2294. Mwaka 2011 Ducati wa Italia wakatoa Diavel, jina ambalo kwa lahaja ya watu wa Bologna maana yake ni shetani.

Sasa angalia sura zao. Hazifanani na pikipiki za mashindano, zile zilizofunikwa plastiki mwili mzima. Hizi zinaacha injini nje, kila mtu aione. Mbele ni nzito na imejaa mabega, nyuma fupi, imekatika ghafla. Mwili uko chini na ni mrefu. Tairi la nyuma la Diavel ile lilikuwa na upana wa milimita 240, wakati la Boxer ya kawaida ni inchi 3 hivi, yaani karibu milimita 76. Piga hesabu mwenyewe: zaidi ya mara tatu.

Mtu wa Usukumani haitaji kufundishwa umbo hilo. Aende mnadani amuangalie nzagamba. Nundu juu, shingo nene, kifua mbele, miguu imekita chini. Hata akiwa amesimama anatafuna tu, unajua huyu akiamua, uzio hautoshi. Pikipiki ya misuli imechorwa hivyo hivyo: imesimama lakini inaonekana kama inataka kuruka.

Lakini nzagamba hajavaa nundu ya kushonewa. Na hapa ndo vijana wengi wanapopigwa chenga.

Sifa kubwa ya hizi mashine si spidi ya mwisho. Ni nguvu ya kuvuta, na inakuja mapema, injini ikiwa bado haijapiga kelele. Rocket 3 iliyotoka mwaka 2019 ina cc 2458 na inavuta nyutoni mita 221 injini ikizunguka mara 4,000 tu kwa dakika. Boxer ya cc 150 inavuta kama 12. Hiyo ni tofauti ya karibu mara 18. Tairi pana limewekwa kwa sababu bila hilo nguvu yote ile ingeishia kuchoma mpira barabarani. Mwili mrefu upo ili mbele isinyanyuke. Breki kubwa zipo kwa sababu mzigo wa karibu kilo 300 ukishakimbia lazima kuwe na kitu cha kuusimamisha. Kila kinachopendeza pale kina kazi.

Sasa ukichukua tairi pana ukalifunga kwenye injini ya farasi 12, umefanya nini? Umemvisha mbuzi kengele ya ng'ombe. Tairi zito linakula nguvu kidogo iliyokuwepo. Mafuta yanaongezeka. Kilima alichokuwa anapanda kwa gia ya tatu, sasa anapanda kwa ya kwanza. Na tairi pana likilazimishwa kwenye rimu nyembamba linabanwa, linavimba kama maandazi, sehemu inayogusa lami inaweza kuwa ndogo kuliko mwanzo. Mvua ikinyesha, Mungu tu.

Ekzosi nayo. Wengi wanaamini ukiikata pikipiki inapata nguvu. Ekzosi ya Boxer ilipimwa pamoja na kabureta yake. Ukitoboa moja bila kugusa nyingine unavuruga mchanganyiko wa hewa na mafuta, na mara nyingi kinachopotea ni ule mvuto wa chini, wakati ndo huo huo unaohitajika kumpandisha abiria kwenye vilima vya mawe. Kinachobaki ni kelele. Mtoto mchanga wa nyumba ya jirani anaamka, bibi mwenye presha anaamka, trafiki naye anaamka.

Kuna watu watasema, "Waacheni vijana, huo ni usanii." Na wana hoja, tena nzuri. Kabla ya Boxer hazijajaa kanda hii, wazee wa leo walikuwa vijana wa baiskeli. Phoenix na Swala zilifungwa vioo viwili viwili, maua ya plastiki, redio mbele, matairi yamepambwa rangi. Mtu akiingia mnadani na baiskeli ya hivyo, wasichana wanageuka. Hakuna aliyekufa kwa ua la plastiki. Kupamba chombo chako ni kusema "na mimi nipo", na kijana anayeamka saa kumi usiku kwenda Mwaloni Kirumba kubeba magunia ya dagaa ana haki ya kusema hivyo. Biashara nayo inajua: abiria akikuta pikipiki tano, atachagua iliyo safi na inayovutia.

Hata hao wakubwa wanapamba. Ile VMAX ya 1985 inayosifiwa dunia nzima, kinachoonekana kama tangi kilikuwa kifuniko tu, mafuta yalikaa chini ya siti. Yale masikio mawili ya pembeni, utadhani yanavuta hewa, kwenye toleo lile yalikuwa urembo mtupu. Kwa hiyo anayesema urembo ni ushamba hajui historia.

Ila sikia na upande wa pili. Urembo ule ulikuwa umeficha injini ya kweli, na bado haikutosha. Waendesha VMAX walilalamika kwa miaka kwamba injini imezidi fremu na breki, yaani ni rahisi kukimbia kuliko kusimama. Mwaka 1993 Yamaha wakaongeza unene wa foku za mbele na kuweka breki kali zaidi. Kama kampuni yenye mainjinia wake ilibidi irudi kurekebisha breki, fundi wa kuchomelea chini ya mwembe anapata wapi ujasiri wa kuzigusa bila kupima?

Turudi kwa dogo wa Buzuruga.

Ili pikipiki ionekane ndefu, chuma kinachoshika gurudumu la nyuma kilikatwa kikaongezewa kipande. Cheni ikaongezwa pingili. Fimbo ya breki ya nyuma nayo ikawa fupi, ikaungwa na kipande cha nondo. Fundi akamwambia, "Dogo, hii sasa ni ndege." Dogo akacheka, akalipa. Pesa ilitoka kwenye hesabu ya siku tisa. Bosi aliambiwa pikipiki ilikuwa mbovu.

Wiki mbili mambo yalikuwa moto. Picha, video, watoto wa shule wanapiga kelele akipita. Abiria ndo walipungua kimyakimya. Siti fupi, mama mwenye beseni atakaa wapi? Mwenye gunia la mkaa atalifunga wapi? Njia za uchochoroni zikawa shida, pikipiki ndefu haikati kona. Akawa anachagua safari za barabara kubwa tu.

Jioni moja mvua imetoka kunyesha, alimpakia mama mmoja muuza samaki, anarudi nyumbani na ndoo yake. Daladala mbele ikasimama ghafla. Dogo akakanyaga breki ya nyuma. Ile nondo ikapinda. Akabana ya mbele kwa nguvu, gurudumu likateleza, wote chini. Kwa rehema za Mungu gari la nyuma lilikuwa mbali. Mama alivunjika mkono. Samaki wakatapakaa barabarani.

Waliokuwepo wanasema yule mama hakutukana. Alikaa pembeni ameshika mkono, akamuuliza, "Mwanangu, breki ulizitoa ili iweje?" Dogo hakuwa na jibu.

Gharama za hospitali alibeba yeye. Bosi alipoiona pikipiki yake ilivyokatwakatwa, aliichukua siku hiyo hiyo. Karibu mwaka mzima wa hesabu umekwenda na maji, imebaki miezi miwili. Watu walewale waliokuwa wanampiga picha wakaziposti tena, safari hii wanacheka.

Huyo staa hajui hata kama Buzuruga ipo. Pikipiki aliyopanda kwenye klipu haijulikani hata kama ni yake au ya kukodi kwa ajili ya video. Hilo si kosa lake, kazi yake ni kuuza sura. Lakini kijana wa hesabu hauzi sura, anauza safari. Mteja wake analipa ili afike.

Na ukweli mwingine usemwe: Boxer ina misuli yake, ila watu wameizoea hawaioni. Siti ndefu imewekwa ili ikae mizigo na watu. Injini yake ndogo inavumilia joto, vumbi na mafuta ya kwenye chupa. Spea zake zinapatikana karibu kila kona. Mashine inayobeba gunia la viazi, mwendeshaji na mwenye viazi, ikapanda nao kilima cha mawe alfajiri, halafu kesho ikarudia, hiyo ndo ya misuli kwa maisha ya huku. Rocket 3 ukiileta kwenye vichochoro vya juu ya miamba itakuwa mtu mnene kwenye mlango wa choo.

Kwa hiyo anayetaka kupamba apambe kwa mpangilio. Kwanza breki: pedi, fimbo, waya, vyote vizima. Pili matairi yenye meno, saizi ile ile iliyoandikwa na kiwanda. Tatu shokapu na taa inayoona mbali bila kumpofusha mwenzako. Nne helmeti mbili, ya kwako na ya abiria. Hapo sasa weka mbwembwe: rangi nyeusi isiyong'aa, kava la tangi lenye mabega, siti yenye nyuzi nyekundu, jina la mama ubavuni. Vyote hivyo havigusi uhai wa mtu, na vinapendeza kinoma. Fremu, chuma cha nyuma na ekzosi viache vilivyozaliwa. Na kama pikipiki ni ya mkataba, usikate kitu ambacho bado si chako.

Dogo amerudi kijiweni. Anaendesha Boxer ya mtu mwingine, mkataba umeanza upya, siku ya kwanza kabisa. Nyekundu, ya kawaida, madigadi zote zipo. Kitu kimoja tu kaongeza: kibandiko cha nzagamba kwenye tangi. Jumamosi moja alionekana anampeleka yule mama Mwaloni, mkono bado una plasta, na inasemekana hamdai nauli.

Mnasemaje wadau? Bosi alikuwa sahihi kuichukua pikipiki ikiwa imebaki miezi miwili, au alimkomoa dogo wa watu? Na fundi aliyeunga breki kwa nondo, yeye alipe nini? Tiririka hapo chini, matusi hapana.