Kijana Aendapo Mkutano wa Wataalamu Ng'ambo

Habari ikienea kambini kwamba binti wa koplo fulani amealikwa ng'ambo kwenye mkutano wa wataalamu, furaha huwa kubwa. Majirani huja kutoa pongezi, na pongezi huandamana na maagizo: huyu ataka saa, yule ataka viatu. Furaha hiyo ni halali. Hata hivyo, yafaa wazazi na jamaa waelewe kwamba safari ya namna hii si matembezi bali ni kazi, na kazi isiyoeleweka nyumbani huharibika upesi.

Chukua mfano wa kijana asomaye ikolojia, yaani elimu ya viumbe na uhusiano wao na mahali waishipo. Huenda akawa amekaa miezi mingi katika kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Makerere huko Kanyawara, ndani ya msitu wa Kibale, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1993. Huko amehesabu nyayo za tembo, akapima mashamba ya mahindi yaliyoliwa, na akaandika majibu ya wakulima. Kwa mkulima jambo hili si la vitabuni. Usiku mmoja wa tembo waweza kumaliza chakula cha msimu mzima, na ada ya shule pamoja nacho.

Sasa, watu wenye shida hiyo hiyo wako Kenya, India na Sri Lanka. Nchini Kenya mtaalamu Lucy King alichunguza jinsi tembo wanavyowaogopa nyuki, kisha akaunda ua wa mizinga iliyofungwa kwenye waya kuzunguka shamba. Tembo akiugusa waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Ua huo sasa umejaribiwa katika nchi nyingi za Afrika na Asia. Je, wafaa shamba la mkulima wa Kibale? Nyuki wafugwe na nani, na asali iuzwe wapi? Maswali kama haya ndiyo ayabebayo kijana aendapo mkutanoni, kwa kuwa huko atawakuta walioujaribu kwa mikono yao, na watamweleza hata yale yaliyowashinda.

Mikutano hiyo ni mingi. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa viumbe vya nchi za joto, kilichoanzishwa mwaka 1963, hukutana kwa zamu katika nchi mbalimbali: mwaka 2011 kilikutana Arusha, mwaka 2019 Antananarivo, na Julai 2024 Kigali. Huko Cambridge, Uingereza, ulianzishwa mwaka 2000 mkutano wa uhifadhi uliokusudiwa hasa wanafunzi. Kwa hiyo ng'ambo si Ulaya tu. Tangu mwaka 2014 raia wa Uganda aweza kuingia Rwanda kwa kitambulisho cha taifa, na nauli ya basi la Kigali si sawa na ya ndege ya London.

Kwanza mtafiti hutuma muhtasari wa kazi yake, ukurasa mmoja au pungufu, miezi kadhaa kabla ya mkutano. Kamati huusoma na kuamua. Mikutano mingi mizuri ina fungu la kuwasaidia vijana wa nchi zisizo na uwezo, lakini fungu hilo huombwa mapema. Hapa wazazi wawe macho. Zipo barua zitumwazo na walaghai, zenye kumsifu kijana kupita kiasi na kumtaka alipe ada upesi, kwa mkutano usiokuwapo au usio na maana. Kabla baba hajakopa katika chama cha akiba, kijana na amwulize mwalimu wake: mkutano huu wajulikana? Nani katika idara yetu amewahi kuuhudhuria? Kuuliza si ujinga, na mkopo ulioliwa na mlaghai hukatwa katika mshahara vile vile.

Ikiwa nchi aiendeayo yahitaji viza, maombi yapelekwe mapema, pamoja na barua ya mwaliko, uthibitisho wa fedha, na barua ya chuo kwamba atarudi kumaliza masomo yake. Wengi hunyimwa viza kwa kukosa karatasi moja tu. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kisisahauliwe. Tangu Julai 2016 cheti hicho hutumika maisha yote. Aidha, asitie mkobani majani, kinyesi wala nywele za mnyama ili akawaonyeshe wenzake. Mkataba wa CITES wa mwaka 1973 hudai vibali kwa viungo vya tembo na vya wanyama wengine wengi. Picha zatosha.

Mkutanoni kijana hupewa dakika 12 au 15 za kusema, au hubandika bango na kusimama kando yake. Dakika hizo ni chache kuliko adhaniavyo. Yafaa ajizoeze nyumbani, mbele ya ndugu zake, kwa saa mkononi. Mdogo wake wa darasa la saba akielewa, wataalamu nao wataelewa. Akiulizwa asilolijua, aseme kwamba halijui na ataliangalia, hakuna aibu. Aibu ni kwenda mbali hivyo kisha kuketi kimya nyuma ya ukumbi, akirudi chumbani kila chai inapoandaliwa. Wakati wa chai ndipo wakubwa wa elimu husogeleka. Ajitambulishe, aulize swali lake la tembo na nyuki, na aandike jina na anwani ya kila aliyemjibu.

Arudipo, mama akiuliza, "Mwanangu, umetuletea nini?" amjibu kwa heshima: "Mama, nimeleta majibu ya watu wa Kibale, na majina ya watu watakaonisaidia." Mama mwenye busara ataridhika. Posho ya mkutano ni ya chakula na malazi. Kijana aliyeshinda njaa ili anunue viatu vya jamaa hawezi kusikiliza vema.

Lililo kubwa zaidi ni deni la wakulima. Wao walimkaribisha, wakamwonyesha mashamba yaliyoharibiwa, na wakajibu maswali yake bila malipo. Basi kabla ya kuanza safari nyingine, kijana na apande gari mpaka kijijini, aketi nao chini ya mti, na awaeleze kwa lugha waielewayo yale aliyoyasikia: lipi lilifaulu kwa wenzao, lipi lilishindwa, na lipi laweza kujaribiwa katika shamba moja msimu ujao.