Tusiwafukuze Watoto Wanaocheza Sarakasi



Jioni pita kwenye uwanja wa mpira hapa Muheza. Utaona watoto wamesimama kwa mikono, miguu juu. Wengine wamesimama kwa kichwa. Wazazi wengi wakiwaona hushika fimbo na kuwafukuza. Mimi sikubaliani nao. Mtoto akifukuzwa uwanjani huenda kujaribu kwenye michungwa, mahali pasipo mtu mzima.

Sarakasi si utundu. Katika miaka ya 1960 vijana wa Tanzania walipelekwa China kujifunza kazi hiyo. Walikaa huko miaka kadhaa. Mwaka 1969 likaundwa Kundi la Taifa la Sarakasi. Lakini watoto wetu wanataka kujua kwa jioni moja, tena juu ya ardhi ngumu. Hapo ndipo penye hatari.

Shingo ina mifupa saba midogo. Katikati yake unapita mshipa mkubwa wa fahamu, unaotoka kwenye ubongo. Mshipa huo ukiumia, mikono na miguu inaweza kupooza kabisa.

Kwa hiyo mtoto aanze na mikono, kichwa baadaye. Atafute mchanga au majani laini karibu na ukuta imara. Aweke viganja chini, karibu na ukuta, vidole vimetanuka, viwiko vimenyooka. Arushe mguu mmoja, wa pili ufuate, visigino viguse ukuta. Ahesabu hadi tano, kisha ashuke mguu mmoja mmoja. Mtu mzima asimame kando yake. Viganja vitauma siku za kwanza. Nami nilijaribu, nikaanguka mara nyingi kuliko watoto!

Akizoea wiki kadhaa, ndipo ajifunze kusimama kwa kichwa. Uzito ukae kwenye mikono, toka kiwiko hadi kiganja. Kichwa kiguse mkeka tu. Shingo ikiuma, aache mara moja. Mama mjamzito, mwenye shinikizo la damu na mwenye presha ya macho wasijaribu.

Sasa nisikilize vizuri. Kijana mmoja aliangukia shingo. Wenzake walimwinua, wakamkalisha kwenye bodaboda katikati ya watu wawili, wakamleta zahanati. Walikuwa na nia njema. Lakini kila shimo la barabara lilitikisa shingo ile. Kijana yule alipona, na mpaka leo nasema ni bahati.

Mtu akianguka hivyo, akasema shingo inauma au miguu ina ganzi, mwache alale alivyo. Usimvute, usimkande. Mwambie asijaribu kuinuka. Shika kichwa chake kwa mikono miwili kisitikisike. Mwingine apige simu zahanati na kutafuta gari. Akibebwa, abebwe juu ya ubao au mlango, na watu wanne au zaidi wamwinue kwa pamoja. Anayeshika kichwa ndiye atakayehesabu: moja, mbili, tatu. Wala asikiachie kichwa hicho mpaka mganga akipokee.