Saa ya Mkononi Haipimi Sukari: Namba Hizi Zinamtumikia Nani?

Ami yangu ana miaka 67, na ameishi na kisukari zaidi ya miaka kumi. Mwaka jana, siku chache kabla ya Ramadhani, alinunua saa ya mkononi kwa kijana anayeuza vifaa vya simu karibu na Marikiti. Aliilipia shilingi 2,800. Kijana alimhakikishia kwamba inahesabu hatua, inapima mapigo ya moyo, presha na usingizi na, kubwa kuliko yote, inapima sukari. Bila sindano, bila tone la damu. Kwa mzee aliyejichoma vidole asubuhi na jioni miaka yote hiyo, na ambaye kila mwezi mtukufu huingiwa na wasiwasi wa kutoa damu akiwa na saumu, hiyo ilikuwa habari ya furaha.

Alinionyesha mimi kwanza, maana katika ukoo wetu mimi ndiye mtu wa vifaa. Simu mpya ikitoka, mimi ndiye niulizwaye. "Mwanangu, tazama hapa," alisema akininyooshea mkono. "Sukari tano nukta nane. Kama kijana!" Nami nilikuwa na kazi ya mteja inayonisubiri. Nikamwambia, "Mashallah, Ami, saa nzuri hiyo," nikaenda zangu. Sikuitazama hata dakika moja.

Mashine yake ya zamani ya kupimia sukari aliiweka kabatini. Katika kumi la mwisho la Ramadhani tulimkimbiza hospitali akiwa na kidonda cha mguu ambacho hakuwa amekisikia, kiu isiyoisha na macho yenye ukungu. Muuguzi alimchoma kidole na mashine ikasoma 19. Saa iliyokuwa mkono wa pili ilisoma 6.1. Alhamdulillahi ami yu hai na yuko nyumbani, lakini kidole kimoja cha mguu hakurudi nacho.

Alipokuwa bado amelazwa niliichukua ile saa nikafanya nilichopaswa kufanya siku ya kwanza. Jikoni kulikuwa na muhogo mbichi uliongoja kukaangwa. Nikaufunga saa. Haikupita dakika, muhogo ukawa na mapigo ya moyo 74, presha 118 kwa 76, na sukari 5.7. Kwa mujibu wa saa ile, muhogo wetu ulikuwa na afya njema kuliko watu wote wa nyumba.

Naandika haya kwa sababu saa kama hizo zimejaa mitaani kwetu na kwenye kurasa za mauzo za simu zetu, na wanaozinunua ndio hasa wenye kuzihitaji kidogo zaidi: wazee, wagonjwa wa sukari na presha, na watoto wao wanaotaka kuwatunza wazazi kutoka mbali.

Tuelewe kwanza saa hizi zinafanyaje kazi. Ukiigeuza utaona taa ndogo za kijani zinamulika ngozi. Damu hufyonza mwanga ule, na kila moyo unapopiga, kiasi cha damu chini ya ngozi hubadilika kidogo. Kitambuzi hupokea mwanga unaorudi na kuhesabu mabadiliko hayo. Ndiyo maana saa nzuri inaweza kukupa mapigo ya moyo kwa usahihi wa kuridhisha, hasa ukiwa umetulia. Usingizi hukisiwa kutokana na mapigo hayo na jinsi mkono unavyotikisika. Ni makisio, lakini yana msingi.

Sukari ni jambo jingine. Makampuni makubwa kabisa ya teknolojia duniani yametafuta kwa miaka mingi njia ya kupima sukari ya damu kwa mwanga pekee, na bado saa ya namna hiyo iliyothibitishwa haijafika sokoni. Februari 2024, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwa umma kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Vipo vifaa halali vinavyobandikwa mkononi au tumboni na kupima mfululizo, lakini hivyo vina kijiuzi chembamba kinachoingia chini ya ngozi. Saa inaweza kuonyesha namba iliyotumwa na kifaa hicho. Haiwezi kuitoa yenyewe. Basi saa ya shilingi 2,800 inayodai kufanya lililowashinda wakubwa hao inakutungia namba tu, na hutunga namba nzuri, kwa kuwa namba mbaya hairudishi mteja.

Hapa ndipo ninapotaka tusimame. Sisi wapenda teknolojia tumezoea kuuliza kifaa kina kumbukumbu kiasi gani, betri inakaa saa ngapi, kamera ina nguvu gani. Swali tunalolisahau ni namba inayotokea kwenye kioo imewekwa na nani, na inamtumikia nani.

Hata namba zisizo na uongo ndani yake zinastahili swali hilo. Chukua hatua 10,000 kwa siku, namba ambayo karibu kila saa na simu inatuhimiza tuifikie. Wengi hudhani ilitoka kwa madaktari. Asili yake ni Japani mwaka 1965, pale kampuni moja ilipouza kifaa cha kuhesabu hatua kilichoitwa Manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la biashara. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019 juu ya wanawake wazee ulionyesha kwamba waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko waliotembea 2,700, na kwamba faida iliacha kuongezeka ilipofika karibu 7,500. Kwa hivyo bibi anayetembea kwenda msikitini, sokoni na kwa majirani asikatishwe tamaa na saa ya mjukuu wake.

Sasa nijigeukie mwenyewe, maana nimemsema ami wangu vya kutosha. Siku tuliyomrudisha nyumbani, alikuja mhamasishaji wa afya ya jamii wa mtaa wetu, mama ambaye tumemzoea akipita na mkoba wake mgongoni. Alimpima ami sukari, akampima presha. Alipomaliza akaniambia, "Na wewe kaa hapo, mwanangu." Nikacheka. Mimi nina saa ya bei, ya kampuni yenye jina, na asubuhi ile ilikuwa imenipa alama 82 za usingizi. Mama akanifunga mashine mkononi. Presha 152 kwa 98. Akangoja, akarudia. Haikushuka.

Saa yangu haikunidanganya. Ilihesabu nilichoiambia ihesabu. Kazi yangu naifanya kwa kompyuta, kwa wateja walio Marekani. Wanapoingia ofisini saa tatu asubuhi New York, hapa Mombasa ni saa kumi au kumi na moja jioni kulingana na majira yao. Wanapotoka, kwetu ni usiku wa manane. Kisha kuna wa California ambao ndio kwanza wako kazini. Nilikuwa nalala alfajiri, naamka saa tano, nakula viazi karai na soda mbele ya kioo, na nikijisifu kwamba niko huru kwa kuwa sina bosi. Niliyekuwa naye alikuwa mkali kuliko bosi: alama za nyota kwenye ukurasa wangu wa kazi. Ukichelewa kujibu ujumbe, nyota inashuka. Ikishuka, kazi inakwenda kwa mwingine.

Siko peke yangu. Kijana wa boda anayepokea abiria kwa programu ya simu anaishi na nyota hizo hizo, na mara nyingi simu yenyewe ni ya mkopo wa kulipa kila siku. Asipolipa inajifunga, na ikijifunga hana abiria. Simu aliyoinunua imfanyie kazi inamfanyisha kazi yeye.

Gharama ya haya yote mwili huilipa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kwamba saa nyingi za kazi zilichangia vifo 745,000 vya kiharusi na maradhi ya moyo mwaka 2016. Mtu anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35, ukimlinganisha na wa saa 35 hadi 40. Akili nayo hulipa. Katika kesi dhidi ya Meta iliyoko mahakamani Nairobi, ambapo vijana waliokuwa wakichuja picha na video za kutisha za Facebook wanadai haki zao, ripoti za kitabibu zilizowasilishwa mwaka 2024 zilionyesha kwamba zaidi ya 140 kati yao waligunduliwa kuwa na maradhi ya akili yatokanayo na kiwewe. Hizo ndizo kazi za kidijitali tunazoambiwa kila siku kwamba ndizo mustakabali wa watoto wetu.

Sizipingi kazi hizi. Zinanilisha. Nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari, kama TEAMS iliyofika Mombasa mwaka 2009 kutoka Fujairah, zimetua kwetu, na ni haki vijana wa Pwani wafaidike nazo badala ya kungoja ajira ya bandarini isiyokuja. Lakini sheria haijatufikia. Seneta wa Nandi, Samson Cherargei, aliwahi kupeleka mswada wa kumpa mfanyakazi haki ya kutojibu simu na ujumbe wa kazi baada ya saa za kazi. Ni wazo zuri, ila linamlenga aliyeajiriwa. Mimi na yule wa boda hatumo katika kitabu cha mwajiri yeyote.

Nikirudi kwa mama mwenye mkoba, naona ndiye teknolojia bora niliyoiona mwaka huo. Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchi nzima, wakapewa mikoba yenye mashine ya presha, mashine ya sukari, mizani, na simu ya kuandikia taarifa. Vifaa vya kawaida, vilivyothibitishwa, vikiwa mikononi mwa mtu anayekujua kwa jina. Namba yake ilikuwa na faida moja: hakuwa akiniuzia kitu.

Lakini mama huyo aliniambia pia kwamba stripu za kupimia sukari humwishia na hukaa muda mrefu bila kuletewa nyingine. Posho yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti, na malalamiko ya kucheleweshewa malipo si mageni masikioni mwetu. Mashine ya sukari bila stripu ni pambo tu. Afya iko chini ya kaunti tangu ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, kwa hivyo swali hili tuwapelekee magavana wetu na wawakilishi wetu wa wadi, kuanzia Lamu hadi Kwale: katika bajeti, stripu ni ngapi?

Bodi ya Dawa na Sumu, ambayo husimamia vifaa vya tiba nchini, nayo ina kazi. Kifaa kinachouzwa kwa madai ya kupima sukari ni kifaa cha tiba, hata kama kimepangwa kando ya vifuniko vya simu. Wachuuzi wetu si wabaya. Wengi wanaamini maandishi ya kwenye boksi kama alivyoyaamini ami. Wanaoingiza mizigo ndio waulizwe.

Na majumbani mwetu, sisi tunaoitwa mabingwa wa simu tuna amana. Mzazi akikuonyesha kifaa kipya cha afya, usimwambie "mashallah" ukaenda zako. Kaa naye. Kilinganishe na mashine ya kituo cha afya. Kwa wenye kisukari wanaotaka kufunga, waonane na daktari kabla ya mwezi kuandama, na wajue kwamba wanazuoni wengi wamesema kuchoma kidole kwa ajili ya kipimo hakuvunji saumu. Laiti maneno hayo yangetolewa kila mwaka katika hotuba ya Ijumaa ya mwisho ya Shaabani, huenda ami angekuwa na vidole vyake vyote.

Mimi siku hizi nafunga kompyuta saa nne usiku. Nimepoteza mteja mmoja wa California na nyota moja, na nimeanza vidonge vya presha. Ami amerudia mashine yake ya zamani. Saa nilimwomba, akanipa, nami nimeiweka kwenye droo ya meza yangu ya kazi. Bado inawaka, na mara ya mwisho nilipoitazama, bila kuvaliwa na mtu, ilisema sukari ni 5.8.