Harufu ya Radi na Moshi wa Nyumba

Leo tuzungumze juu ya jambo ambalo kila mtu wa Kibabi analijua kwa pua yake: ile harufu kali inayobaki hewani radi ikisha kupiga karibu.

Siku moja, kisha mvua kubwa, jamaa moja iliniita nyumbani. Mtoto wao wa miaka mitatu alikuwa anakohoa na kupumua mbio mbio. Baba akaniambia: «Pasta, kila mara radi inapiga, mutoto anakohoa. Ile harufu ni sumu. Kuna mutu anaituma.» Akatazama nyumba ya bibi mmoja mjane, jirani yao. Vijana walikuwa wamekwisha kusimama nje na fimbo. Nikaelewa kwamba usiku ule kulikuwa na watu wawili wa kuokoa: mtoto na bibi.

Tuanze na radi yenyewe. Setilaiti ya Marekani na Japani ilihesabu radi toka 1998 mpaka 2013. Iligunduliwa kwamba milima yetu ya Kivu ni kati ya mahali penye radi nyingi kupita zote duniani. Kabare ilikuwa ya pili, nyuma ya ziwa Maracaibo kule Venezuela. Na Sake, hapa karibu yetu, ilipata radi kama 143 kila mwaka kwa kila kilometa moja ya mraba. Ndugu, kama radi zote hizi zingekuwa za kutumwa, yule bibi angelala saa ngapi? Radi inatoka kwa hewa yenye joto na unyevu, ambayo milima inaisukuma juu mpaka inakuwa mawingu makubwa.

Sasa ile harufu. Inaitwa ozoni. Mtaalamu Schönbein ndiye aliyeipa jina, karibu mwaka 1840, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya kunuka. Ozoni ya juu sana mbinguni inatukinga na miali mikali ya jua. Lakini ile ya chini, tunayoivuta, ikiwa nyingi inachoma koo na mapafu, zaidi kwa watoto, wazee na wenye asma. Shirika la Afya Duniani linashauri isipite maikrogramu 100 kwa kila meta ya ujazo, kwa wastani wa saa 8.

Je, mvua ya radi inaleta ozoni? Ndiyo, kidogo. Joto la radi linaunganisha azoti na oksijeni za hewa, na kisha, jua likiwaka, ozoni inazaliwa. Tena ule upepo wa baridi unaotangulia mvua unashusha ozoni ya juu mpaka chini. Wataalamu walipima jambo hilo katika pori la Amazon, kule Brazil. Lakini inapita upesi. Mawingu yanaficha jua, na mvua inaosha moshi na vumbi. Inayodumu zaidi ni ozoni ya kipwa, wakati watu wanachoma majani na mashamba. Mwaka 1992 wataalamu waliipima kwa ndege, wakaikuta nyingi mpaka juu ya bahari ya Atlantiki. Sehemu kubwa ilitoka kwa moto wa Afrika na Amerika ya Kusini.

Basi, kwa nini yule mtoto alikohoa kila mara mvua inaponyesha? Niliingia ndani, machozi yakanitoka. Mlango umefungwa, dirisha limezibwa na bashi, mbabula inawaka katikati, kuni mbichi zinafuka, na watu saba wamekaa humo. Kumbe mvua ilipoanza, moto uliingizwa ndani! Shirika la Afya linahesabu kwamba moshi wa namna hiyo uliua watu kama milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Hakuna aliyewatumia.

Tulimpeleka mtoto kwenye kituo cha afya usiku ule ule. Muganga akasema ni ugonjwa wa mapafu, akampa dawa, akapona. Vijana walirudi kwao, wengine kwa haya.

Wapendwa, tufanye hivi. Wakati wa mvua, moto ukae chini ya kibanda kisicho na kuta, na kuni zianikwe mapema. Tusilale kamwe na mbabula ya makala ndani: inaua bila harufu. Mtoto akipumua mbio au kifua kikibonyea, apelekwe kituoni siku ile ile. Anayekohoa majuma mawili apimwe kifua kikuu kabla ya mtu kutaja karuho. Nanyi vijana wa kariere, mukisikia ngurumo, mushuke toka mgongo wa mlima, muache mti na baramini, mungoje dakika 30 kisha ngurumo ya mwisho. Na mota ya kompresa isiwekwe kamwe kwenye mdomo wa shimo.

Yule baba alijenga kibanda cha kupikia kwa manjanja ya zamani. Radi inapiga kama zamani. Bibi yuko hai, na mvua ikianza, mtoto anakimbilia kwake kuota moto kibarazani.