HERUFI ZANGU SI HIRIZI

Nimechoka kuambiwa nina wazimu. Ninaandika riwaya, na watu wa kisiwa cha riwaya hiyo wana lugha yao niliyoitunga mwenyewe, na herufi zake nimezichora mwenyewe. Madaftari matatu yamejaa. Nyumbani wanasema ni hirizi. Marafiki wanasema, “Si bora ungeenda ualimu?” Na jamaa mmoja anayejiita mlinzi wa lugha kanikaripia eti nakisaliti Kiswahili. Leo nawajibu wote kwa pamoja.

Tuanze na wa hirizi. Mfalme Njoya wa Wabamum, huko Kameruni, alianza kuwatungia watu wake maandishi mnamo mwaka 1896. Alama za mwanzo zilizidi 500. Akazipunguza mara kadhaa, hata mwaka 1910 zikabaki kama 80, kila moja ikisimama kwa silabi. Hakutosheka. Ikulu yake ikatunga na lugha, Shumom, ikachukua maneno ya Kifaransa, Kijerumani na Kiingereza na kuyageuza maana. Wafaransa walipoishika nchi, wakazifunga shule zake, na mwaka 1931 wakamhamishia Yaoundé, akafia huko 1933. Nauliza: kama kuchora herufi ni mchezo wa kitoto, mbona mkoloni hakuuacha mchezo uendelee?

Sasa mlinzi wa lugha. Bwana mkubwa, Kiswahili unachokilinda kiliandikwa karne nyingi kwa herufi za Kiarabu, ambazo asili yake hazina p wala ch, na waandishi wa pwani wakalazimika kuzirekebisha. Hata hiki sanifu kilipitishwa mezani: mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulikichagua Kiunguja, na mwaka 1930 kamati ikaanza kazi. Watu walikaa, wakaamua. Lugha haikuanguka na mvua.

Tena kutunga kumenifundisha Kiswahili kuliko miaka minne ya sekondari. Katika lugha yangu, kitenzi lazima kiseme umejuaje. Mzizi rim- ni kuiba. Rima: ameiba, nimeona kwa macho yangu. Rimo: ameiba, nimeambiwa. Rimu: ameiba, nakisia tu. Si maajabu; Kituruki kina kiambishi kinachoonyesha kwamba msemaji hakushuhudia, amesikia au amekisia. Nilipokuwa nahangaika na viambishi vyangu ndipo nilipolitazama upya neno letu “eti”. Neno dogo, tunalidharau, kumbe linafanya kazi ya hakimu! Riwaya yangu nzima imesimama hapo: mtu anahukumiwa kwa ushahidi wa shahidi aliyesema rima, naye alistahili kusema rimo. Ondoa sarufi hiyo, kesi imekufa na kitabu kimekufa.

Lakini na wenzangu nao niwaambie, maana wapo wanaotuharibia. Unatoa a, unaweka nyota. Unatoa b, unaweka mwezi. Halafu unasema umetunga lugha. Hiyo ni barua ya mapenzi ya darasa la sita! Hata mtawa Hildegard wa Bingen, huko Ujerumani karne ya 12, aliacha herufi 23 na maneno kama 1000, lakini karibu yote ni majina ya vitu, na aliyachomeka katika Kilatini. Orodha ya majina si lugha. Mwangalie Tolkien: Quenya aliiegemeza kwenye Kifini, Sindarin kwenye Kiwelisi, na katika herufi zake ukiongeza tumbo la pili, t inakuwa d, na p inakuwa b. Umbo linafuata sauti. Huo ndio utaratibu. Asiyeweza kueleza wingi wa lugha yake unaundwaje, na arudi mezani.

Mwisho, wachapishaji. Muswada wangu ukirudishwa kwa kuwa ni mbaya, nitaufuta machozi na kuuandika upya. Ila kunirudishia kwa sababu una ukurasa mmoja wa herufi ngeni, huku duka limejaa vitabu vya watu wa ng’ambo vyenye kurasa kama hizo, huo ni uvivu, tena ni dharau. Ina maana kijana wa hapa amepewa ruhusa ya kuota, lakini kwa herufi za wengine tu.

Na anayesema nina wazimu, aseme pia: ameona, ameambiwa, au anakisia?