Ganzi, Kitulizo na Nusukaputi

Upasuaji wa jicho kwa leza hufanywa mgonjwa akiwa macho. Matone ya ganzi huondoa maumivu, naye hutakiwa kukitazama kitone cha mwanga bila kuyumba. Hofu ikizidi, huweza kupewa kidonge cha kumtuliza, si cha kumlaza. Aliyeahidiwa "dawa ya usingizi" hutarajia nusukaputi. Ajikutapo macho, hofu humrudia maradufu, na akitikisika huenda kazi ikakatizwa.

Kiswahili, lugha rasmi ya Kenya kwa Katiba ya 2010, hakikosi istilahi: ganzi, kitulizo, nusukaputi. Eldoret ina Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Wanafunzi wa Kiswahili mjini humo wana wajibu wa kusaidia kuzipambanua kabla mgonjwa hajatia sahihi fomu ya idhini. Ufafanuzi nao ni tiba.